Mipango Si Matumizi: Malengo ya Mwaka na Wahandisi wa Asasi Zetu

Kila ifikapo wiki ya mwisho ya Juni, ofisi za nchi yetu huingia katika msimu wa taarifa. Serikalini mwaka wa fedha unafungwa. Katika asasi za kiraia taarifa za utekelezaji zinadaiwa na wafadhili, na kila mwenye dawati hulitafuta jedwali alilolijaza Julai iliyopita ili akumbuke aliahidi nini. Safu ya mwisho ya jedwali hilo huwa na swali moja tu: limetekelezwa au halijatekelezwa? Leo ningependa tulijadili swali ambalo jedwali haliulizi: je, hicho kilichotekelezwa kilikuwa bado kinahitajika?

Mjadala wangu unawahusu watumishi ambao hatuwazungumzii mara nyingi, yaani wahandisi wa programu za kompyuta walioajiriwa na asasi zisizotafuta faida. Ndio wanaotengeneza mifumo ya simu ya kukusanya takwimu za afya, ya kuwapasha wakulima habari za mvua, ya kupokea malalamiko ya wananchi. Idadi yao inaongezeka, na wanafunzi wangu kadhaa wamo humo. Hoja yangu ni fupi. Asasi inayowafunga wahandisi wake kwa orodha ya vitu vya kujenga kwa miezi 12 inawalazimisha kuchagua kati ya ukweli na taarifa nzuri. Asasi isiyowafunga kwa lolote nayo inawanyima wananchi haki ya kuihoji. Kinachopaswa kufungwa ni tatizo tunaloahidi kuliondoa. Njia iachwe wazi. Na kila badiliko la njia liandikwe mahali ambapo kila anayehusika ataliona.

Nianze na kosa ambalo mimi mwenyewe nilishiriki.

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kuingia katika bodi ya asasi moja ambayo sitaitaja. Ilikuwa na wahandisi watano, vijana hodari, mmoja wao binti niliyewahi kumfundisha. Mpango wa mwaka ulisema kwamba kufikia Juni 30, vishikwambi vyenye programu ya kufuatilia mahudhurio ya kliniki ya wajawazito vitakuwa vinatumika katika zahanati 40. Idadi hiyo iliandikwa kwanza katika andiko la mradi, ikaingia katika bangokitita, ikasainiwa. Tangu hapo ikawa kama sheria.

Mwezi Oktoba yule binti alikwenda vijijini kwa wiki mbili kulijaribu toleo la kwanza. Aliporudi aliomba tuonane. "Shikamoo Mwalimu," alisema, na kabla sijamaliza kuitikia alikuwa amekwisha kulifungua daftari lake. Alikuwa amekaa na wauguzi katika zahanati sita, akiwatazama wakifanya kazi. Alichokiona ni kwamba rejesta ya karatasi haitaondoka, kwa kuwa takwimu za wilaya bado zilitoka humo. Kwa hiyo muuguzi angeijaza rejesta mchana mbele ya foleni, kisha usiku ayaingize majina yaleyale katika kishikwambi. "Mwalimu, hatuwapunguzii kazi. Tunawaongezea," aliniambia. Alikuwa na pendekezo: waachane na azma ya kuingiza kila hudhurio, na badala yake muuguzi atume kwa simu yake ya kawaida namba za wale tu waliokosa tarehe ya kliniki, ili mfumo uwakumbushe kwa ujumbe mfupi. Ilikuwa kazi ya miezi mitatu, na haikuhitaji kishikwambi hata kimoja.

Nilimshauri alipeleke pendekezo hilo kwa mkurugenzi, naye akalipeleka. Jibu lilikuwa kwamba bangokitita limekwisha kusainiwa, na kwamba kubadili kiashiria kungehitaji barua, vikao, na pengine kungehatarisha fedha zenyewe. Jambo hilo lilifika katika bodi mwezi Desemba, chini ya ajenda ya mengineyo. Tulilijadili kwa dakika kumi. Mwenyekiti akauliza kama yupo anayepinga kuendelea na mpango uliopo. Mimi niliyekuwa nimesikia yote sikunyoosha mkono.

Juni 30 ilipofika, zahanati 40 zilikuwa na vishikwambi, na taarifa ikaandikwa kwamba utekelezaji ulikuwa wa asilimia 100. Agosti nilifuatana na ujumbe wa mfadhili kwenda kuona matunda ya mradi. Katika zahanati ya pili alitupokea muuguzi mkunga wa makamo. Alifungua droo, akatoa kishikwambi kilichofungwa vizuri ndani ya nailoni yake. "Nilikitumia mwezi wa kwanza, baba," alinieleza kwa upole. "Lakini usiku nami nina watoto wa kulisha. Nikaona nikihifadhi kisije kikaharibika, maana ni mali ya watu." Nilimwuliza kuhusu akina mama wanaokosa kliniki. Alinionyesha rejesta, ambamo majina ya waliokosa alikuwa ameyazungushia kalamu nyekundu, kama alivyokuwa akifanya siku zote. Wengine aliwafuata kwa miguu siku za Jumamosi. Wengine hakuwahi kuwapata.

Yule binti aliyetuonya alikuwa ameacha kazi tangu Machi.

Sikisimulii kisa hiki ili kumlaumu mkurugenzi. Alikuwa mtu mwaminifu aliyekuwa akilinda mishahara ya watu. Lawama yangu ni juu ya namna tulivyoliandika lengo, na juu ya kikao ambacho hakikujipa mamlaka ya kulibadili. Hatukuahidi kwamba mama mjamzito hatapotea kati ya hudhurio moja na jingine. Tuliahidi vishikwambi 40, tukavitoa.

Desturi hii ina historia yake, na inafaa tuijue kabla ya kuihukumu. Mwaka 1954 Peter Drucker alichapisha kitabu chake The Practice of Management, akieleza uongozi kwa njia ya malengo. Mara nyingi tunasahau kwamba Drucker aliliunganisha wazo hilo na mtu kujisimamia mwenyewe: lengo lilikusudiwa kumpa mtendaji uhuru wa kuamua namna ya kulifikia. Katika miaka ya 1970 Andy Grove wa kampuni ya Intel alilinoa wazo hilo kwa kutenganisha vitu viwili: lengo, yaani tunakotaka kwenda, na matokeo makuu, yaani alama za kutujulisha kama tunafika. Naye alisisitiza kwamba mapitio yafanyike kwa vipindi vifupi, kwa kuwa taarifa inayokuja baada ya mwaka haimsaidii mtu aliyeko kazini leo. John Doerr, aliyekuwa amefanya kazi Intel, aliupeleka utaratibu huo Google mwaka 1999, na kutoka huko ukaenea duniani.

Asasi zetu zilirithi pia chombo kingine. Bangokitita lilibuniwa mwaka 1969 kwa ajili ya shirika la misaada la Marekani, USAID, ambalo lilitaka kujua miradi yake ilikusudia nini na mafanikio yake yangepimwaje. Kila aliyewahi kulijaza anazijua safu zake nne. Ya kwanza ni ya malengo na shughuli, ya pili ya viashiria, ya tatu ya namna ya kuvithibitisha. Ya nne huandikwa mambo tunayoyachukulia kuwa yatakuwepo ili mradi ufaulu. Waliolibuni walijua kwamba mpango wowote unasimama juu ya dhana zinazoweza kuanguka, wakaziwekea safu yake. Sisi tumeifanya safu hiyo kuwa ya kujazia nafasi: tunaandika kwamba hali ya kisiasa itakuwa tulivu na ushirikiano wa wadau utapatikana, kisha hatuirudii tena. Katika mradi wetu dhana iliyoanguka ilikuwa nyepesi kuielewa: tulichukulia kwamba muuguzi ana saa moja ya ziada kila siku. Ilianguka Oktoba. Safu ya nne haikuguswa.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini nawatenga wahandisi wa programu, wakati mipango ya barabara na visima nayo hukwama. Ninazo sababu mbili.

Ya kwanza inahusu kazi yenyewe. Anayejenga darasa la kumi ameshajenga tisa, na anaweza kukadiria saruji, mabati na siku za mafundi kwa kosa dogo. Programu ya kompyuta haina tabia hiyo. Iliyokwisha kutengenezwa hunakiliwa bila gharama, hivyo hakuna anayelipwa kuitengeneza mara ya kumi. Kazi inayobaki mikononi mwa mhandisi ni ile ambayo mahali hapo haijawahi kufanywa, na sehemu kubwa ya ujuzi anaouhitaji haipatikani kabla ya mtumiaji kushika chombo na kukikataa. Ndiyo maana wataalamu 17 wa programu waliokutana Utah, Marekani, Februari 2001, walitoa tamko wakieleza kwamba, ingawa mpango una thamani yake, wao wanathamini zaidi uwezo wa kuyaitikia mabadiliko. Hawakuwa watu wazembe. Walikuwa wamechoshwa na mipango minene iliyotimizwa neno kwa neno na kuzaa vitu visivyotumika.

Sababu ya pili inahusu asasi zisizotafuta faida. Mfanyabiashara akitengeneza kitu kibovu, wateja huacha kununua, na fedha humwambia ukweli hata kama wasaidizi wake wanaogopa kumwambia. Katika asasi anayelipa siye anayetumia. Mfadhili yuko mbali, muuguzi hana pa kukataa, na kishikwambi kinaweza kukaa ndani ya droo miaka mitatu bila mtu yeyote kupata hasara kwenye vitabu vya hesabu. Hasara huwa kwa mama aliyekosa kliniki, naye hayumo katika jedwali. Kwa hiyo uhuru wa kubadili njia ni wa lazima zaidi katika asasi kuliko katika biashara, kwa kuwa onyo pekee linaloweza kuja kwa wakati ni lile linaloletwa na mtumishi aliyekwenda kuona kwa macho yake.

Nitoe mfano ulio hadharani, ili isionekane kwamba haya ni matatizo ya asasi ndogo zisizo na wataalamu. Wikimedia Foundation ni asasi isiyotafuta faida yenye makao yake San Francisco, inayoendesha seva na programu za Wikipedia, pamoja na Wikipedia ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2003 na ambayo wanafunzi wetu wengi huisoma, hata wale wanaokana. Fedha zake nyingi ni michango ya wasomaji. Mwaka wake wa fedha, kama wa Tanzania na Kenya, huanza Julai 1.

Katika miaka ya mwanzo ya 2010 asasi hiyo ilikuwa na hofu ya kweli: idadi ya wahariri hai wa Wikipedia ya Kiingereza ilikuwa ikipungua tangu mwaka 2007. Mojawapo ya mambo yaliyowazuia wageni ni alama ngumu ambazo mhariri alipaswa kuziandika ili kuweka kichwa cha habari, kiungo au jedwali. Wahandisi walipewa kazi ya kutengeneza kihariri kipya, VisualEditor, ambacho kingemwezesha mtu kuhariri makala kama anavyoandika barua kwenye kompyuta. Kilikuwa miongoni mwa vipaumbele vya mpango wa mwaka. Tangu Desemba 2012 kilikuwa kimewekwa kwenye Wikipedia ya Kiingereza kwa hiari ya mhariri. Julai 1, 2013, siku ya kwanza ya mwaka wa fedha, kikaanza kuwekwa kama kihariri cha kawaida kwa wenye akaunti katika Wikipedia hiyo.

Kilichofuata kinajulikana na wote waliokuwa wakihariri wakati ule. Kihariri kilikuwa kizito, na mara nyingine kiliacha alama zisizotakiwa ndani ya makala. Violezo, majedwali na marejeo, ambayo watu walikuwa wameyarundika kwa miaka 12 kwa mitindo isiyohesabika, yalikishinda. Wahariri wa zamani, ambao ndio waliopaswa kusafisha uharibifu huo bila malipo, walikasirika. Wale wa Wikipedia ya Kijerumani walitaka kibaki cha hiari. Septemba mwaka huohuo wahariri wa Kiingereza nao walikirudisha kuwa cha hiari, na asasi ikakubali.

Sisemi kwamba tarehe peke yake ndiyo iliyoharibu kazi. Nasema kwamba lengo lilikuwa sahihi, na njia ilikuwa na mambo mengi ambayo yangejulikana tu kwa kujaribu. Ushahidi ni kilichotokea baadaye. Kihariri hakikutupwa. Kiliboreshwa kidogokidogo, mwaka 2015 kilipimwa kwanza kwa kundi la wahariri wapya wa Kiingereza, kisha kikafunguliwa kwa akaunti mpya hatua kwa hatua. Leo kinatumika bila vita. Kilichokataliwa kwa hasira mwaka 2013 kilipokelewa kilipokuja kwa mwendo wa kujifunza.

Linalonivutia zaidi ni namna asasi hiyo inavyopanga siku hizi. Rasimu ya mpango wa mwaka huwekwa hadharani kabla ya mwaka kuanza, ili wahariri wa kujitolea waihoji. Kwa upande wa wahandisi, mpango huo una ngazi tatu. Juu kuna malengo, ambayo ni machache na mapana. Chini yake kuna matokeo makuu, yenye vipimo. Chini kabisa kuna kile ambacho sisi wa vyuo vikuu tungekiita nadharia tete: sentensi inayosema, tukifanya jambo hili, tunaamini badiliko fulani litatokea. Ngazi ya chini ndiyo inayotarajiwa kubadilika mwaka ukiendelea. Timu huijaribu nadharia yake. Ikithibitika huiendeleza, ikianguka huandika nyingine. Haya hufanyika kwenye kurasa ambazo mtu wa Kigoma au Mombasa anaweza kuzifungua.

Sidai kwamba utaratibu huo umemaliza ugomvi kati ya asasi na wahariri wake, haujaumaliza. Lakini umetatua jambo moja ambalo bodi yetu ilishindwa kulitatua. Umempa mhandisi maneno rasmi ya kusema "tulidhani hivi, tumeona si hivyo" bila kuhesabiwa kwamba ameshindwa kazi. Yule binti wa Oktoba hakuwa na maneno hayo. Katika jedwali letu kulikuwa na imetekelezwa na haijatekelezwa tu, na ugunduzi wake, uliokuwa na thamani kuliko vishikwambi vyote 40, haukuwa na pa kuandikwa.

Sasa niwageukie wanaharakati, kwa kuwa najua wanataka kuniambia nini. Mmoja wao, rafiki yangu wa siku nyingi, aliposikia hoja hii alinijibu: "Mwalimu, hakuna aliyewahi kushindwa katika nchi hii. Wote wamebadili mwelekeo." Ana haki. Tumeona ahadi za maji zikigeuka kuwa ahadi za upembuzi yakinifu, na idadi ya madawati ikishushwa mwezi mmoja kabla ya tathmini ili ilingane na madawati yaliyopo. Lengo linaloweza kuhamishwa na yule anayepimwa nalo, wakati wowote na bila maelezo, si lengo tena. Kama unyumbufu ni huo, basi afadhali bangokitita gumu, maana angalau linaweza kunukuliwa mahakamani.

Wapo pia wahandisi wenyewe. Baadhi yao wamenieleza kwamba katika asasi wanazofanyia kazi unyumbufu umekuwa jina la heshima la kuyumbishwa: mkurugenzi akirudi kutoka mkutanoni Nairobi au Geneva huja na wazo jipya, na kazi ya miezi miwili huachwa njiani. Anayeumia zaidi ni yule anayeshughulikia matengenezo. Kuhamisha seva, kuziba mianya ya usalama, kuhifadhi nakala za takwimu, yote hayo hayana uzinduzi wala picha na mgeni rasmi, hivyo ndiyo ya kwanza kuahirishwa kila mwelekeo unapobadilika.

Pingamizi zote mbili nazikubali, na zote zinaonyesha mahali mpaka unapopita. Wazee wetu wa pwani walikuwa wakiujua. Nahodha anayetoka Unguja kwenda Lamu, upepo ukimkabili, hubisha: hupeleka chombo upande huu, kisha upande ule, na aliyesimama ufukoni akimtazama kwa dakika chache angedhani amepotea. Hajapotea, kwa sababu bandari haijabadilika, na kila abiria anajua kwa nini tanga limegeuzwa. Lakini nahodha huyo akitia nanga Tanga, kisha akawatangazia abiria kwamba safari ilikuwa ya Tanga tangu mwanzo, hapo wana haki ya kudai nauli yao.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, na nayaelekeza kwa bodi za asasi, kwa wafadhili, na kwa wahandisi wanaoandika mipango yao mwezi huu.

Kwanza, lengo la mwaka liandikwe kwa jina la tatizo na la mtu mwenye tatizo hilo, si kwa jina la kitu kitakachojengwa. "Akina mama wanaokosa tarehe ya kliniki katika zahanati hizi wafuatiliwe ndani ya siku saba" ni lengo. "Programu ifungwe katika zahanati 40" ni njia mojawapo, na inaweza kuwa mbovu. Lengo la aina ya kwanza lisibadilishwe katikati ya mwaka ila kwa uamuzi wa bodi nzima, kwa maandishi, na mfadhili na watumiaji waelezwe.

Pili, njia zipitiwe kila robo mwaka katika kikao chenye mamlaka ya kusimamisha kazi. Natilia mkazo neno mamlaka. Vikao vya robo mwaka tunavyo tele, lakini vingi ni vya kusikiliza asilimia. Kikao ninachokizungumzia kianze kwa kusoma safu ya nne: ni dhana ipi tuliyoiandika Julai ambayo tumegundua si kweli? Na katika kikao hicho awepo angalau mtu mmoja aliyekwenda kwa watumiaji ndani ya miezi hiyo mitatu.

Tatu, liwepo daftari la mabadiliko lililo wazi. Kila njia inapobadilishwa, yaandikwe mambo manne: tulikusudia nini, tumeona nini, tumeamua nini, nani ameamua. Mistari minne inatosha. Daftari hilo liambatishwe kwenye taarifa ya mwaka, na wafadhili walihesabu kuwa sehemu ya utekelezaji. Nadhani hili ndilo jibu la rafiki yangu mwanaharakati. Hawezi kumzuia nahodha asigeuze tanga, ila anaweza kudai kuona liligeuzwa lini na kwa nini. Mtu anayekimbia ahadi huacha daftari tupu, na utupu huo unaonekana.

Nne, sehemu ya muda wa timu itengwe mapema kwa ajili ya matengenezo, na isiguswe na badiliko lolote la mwelekeo. Ni kiasi gani, kila asasi itajipimia kulingana na umri wa mifumo yake. La msingi ni kwamba kiasi hicho kiandikwe Julai, kwa kuwa lisiloandikwa ndilo huliwa kwanza.

Watumishi wa umma wanaonisoma watauliza haya yanawahusu nini. Yanawahusu sana. Mfumo wa OPRAS ulipoanzishwa nchini Tanzania mwaka 2004, mwaka uleule ambao Kenya ilianza mikataba ya utendakazi katika mashirika yake ya umma, fomu yake ilikuwa na mapitio ya nusu mwaka na sehemu ya malengo yaliyorekebishwa. Nafasi ya kusema ukweli ilikuwepo katika karatasi. Niliwahi kuwauliza wanafunzi wangu wa jioni, wengi wao watumishi wa halmashauri, ni wangapi waliwahi kuijaza sehemu hiyo kwa dhati. Walicheka, na kicheko chao kilinitosha. Sehemu hiyo iliachwa wazi kwa kuwa kila mtu alihofu kwamba kurekebisha lengo ni kukiri udhaifu mbele ya mkubwa wake. Sasa fomu za OPRAS zimeupisha mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS. Mfumo mpya unaweza kutukumbusha tarehe na kuhifadhi kumbukumbu, lakini hauwezi kuiondoa hofu hiyo. Hofu huondolewa na mkubwa wa kwanza atakayemwambia mtumishi wake, mbele ya wenzake: umefanya vyema kutujulisha mapema.

Waswahili husema mipango si matumizi. Tumezoea kuitumia methali hiyo kama kisingizio, mambo yanapokwenda kombo. Naiona ikitufundisha jambo jingine: kwa kuwa twajua tangu mwanzo kwamba matumizi yatatofautiana na mpango, basi tuiwekee tofauti hiyo mahali pake, ionekane na kujadiliwa, badala ya kuificha hadi Juni.

Yule binti yuko katika kampuni moja ya fedha za simu sasa. Tulikutana mwaka jana, nikamwomba radhi kwa mkono ambao sikuunyoosha. Alicheka kwa adabu, akasema, "Yamepita, Mwalimu," kisha akaniuliza kama kile kikumbusho cha ujumbe mfupi kiliwahi kutengenezwa. Nilimjibu kwamba hakijatengenezwa.

Taarifa za mwaka huu zinaandikwa wiki hii. Kama unakaa katika bodi yoyote, au unasimamia hata watumishi wawili tu, nakuomba kabla hujasaini umwulize aliye karibu zaidi na watumiaji swali moja: ni nini tulichokigundua mwaka huu ambacho jedwali hili halina pa kukiandika? Akikujibu, nyoosha mkono.